Nyasi za Majiko ya Watu

Mdogo wangu Atupele alinipigia simu mvua zikiwa zimekaribia, akasema niende Igamba tubomoe jiko la Bibi kabla halijamwangukia mtu. Bibi alikwisha kutangulia mbele za haki miaka mingi iliyopita, na jiko lake lilibaki pale uani limeinama upande mmoja, mbuzi wanalala humo na kuku wanataga. Nikafunga kibanda changu cha vitenge hapa Tunduma, nikapanda gari, nikaenda. Sikuwa na huzuni yoyote. Jiko bovu ni jiko bovu.

Vijana walipoanza kuvuta nyasi za paa yakapita manyunyu, yale ya kututishia tu. Nyasi nyeusi zikalowa, na harufu ikapanda: masizi, moshi wa miaka, karanga zilizoungua, maharage yaliyomwagikia motoni, na kitu kingine nisichoweza kukitaja ila ninyi wa rika langu mliokulia jikoni mnakijua. Nikakaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Atupele akaniuliza kama ni presha, nikamwambia si presha, ni nyasi. Akacheka, akafikiri namtania.

Yeye hawezi kukumbuka. Wakati nyasi za namna ile zilipotuokoa alikuwa na siku chache tu duniani, na habari yote ilikuwa inamhusu yeye na kitovu chake.

Mimi nilikuwa ndiyo kwanza meno ya mbele yananing'oka. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameanza kuingia vijijini kwetu na malori yao, na Baba akapata msimu mzuri kuliko yote aliyowahi kuiona. Watu walinunua baiskeli, wengine redio za kaseti. Baba akanunua bati. Akashusha nyasi zote za nyumba yetu, akaziozesha shambani, halafu akapigilia bati juu ya boriti zilezile za zamani, zilizofungwa kwa kamba za magome. Hakuna fundi aliyemwambia kwamba nyasi huuachia upepo upite taratibu na bati huuzuia. Nyumba yetu ilikuwa ya kwanza kumeta upande ule wa kijiji, na mchana jua likiipiga ilibidi upite umefumba jicho moja. Nilijivuna sana. Shuleni sikusema naishi wapi, nilinyoosha kidole tu.

Baba naye alijivuna, na kwake kulitoka mdomoni. Alipita kwa jirani yetu Mzee Haonga, mtu mfupi mwenye sauti nene aliyekuwa na nyumba ya nyasi iliyosukwa vizuri, akamwambia, "Mzee mwenzangu, toka humo. Nyumba ya nyasi ni nyumba ya panya." Tangu siku hiyo salamu za Mzee Haonga kwa Baba zikawa fupi kama yeye mwenyewe. Bibi, mama yake Baba, alikataa kabisa kulala chini ya bati, akasema mvua ikinyesha hasikii hata mawazo yake. Akabaki kwenye kibanda chake cha nyasi pale uani, chumba kimoja, na jiko lake pembeni.

Baba alifanya na jambo jingine. Kila mji kwetu ulikuwa na kipande cha nyasi ndefu kilichotunzwa kwa ajili ya kuezekea, moto wa kiangazi haukuruhusiwa kukigusa. Cha kwetu Baba alikifyeka, akapanda mibuni. Nyasi za nini tena?

Atupele alizaliwa kabla ya wakati wake, mwisho wa kiangazi, joto likiwa limekaza na mawingu yanapita bila kutua. Alikuwa mdogo mno. Bibi alimlaza kwenye ungo wa kupepetea, na ungo ukabaki na nafasi. Kwetu mama mzazi alikuwa hatoki nje mpaka kitovu cha mtoto kikauke na kudondoka, na siku hiyo ndipo anatoka na mtoto wake mchana kweupe, watu wakiwa wamekaa uani. Bibi alishikilia hapo jambo moja kuliko yote: mtoto wa ukoo wetu anatolewa nje kwa mlango wa nyumba ya baba yake. "Akitolewa mlango wa watu," alisema, "atakuwa mtu wa kutangatanga." Basi Mama alikaa ndani, na mimi nikawa miguu yake. Nilileta maji, nilipeleka nepi, nilichochea moto wa uji wa ulezi.

Upepo ulikuja alasiri. Haukuja na mvua, ulikuja na vumbi na sauti, na kabla sijaelewa ile sauti bati likaanza kupiga makofi juu yetu. Mama alimchukua mtoto, akamtumbukiza ndani ya tenga la kuchumia kahawa pamoja na blanketi, akalilalia. Mimi aliniburuta kwa mguu chini ya kitanda. Kikafuata kishindo, halafu mwanga mwingi. Nilichungulia nikaona anga. Pale palipokuwa na boriti na bati na buibui wetu, palikuwa na mawingu yanakimbia. Sikuogopa, na hili nawaambia kweli. Nilidhani Mungu amefunua nyumba amtazame mtoto, kwa jinsi alivyokuwa mdogo asionekane kwa juu. Nilingoja aseme chochote, kisha afunike tena.

Hakufunika. Upepo ulipita, ukaacha kimya kama cha kanisani. Baba aliingia mbio akitokea shambani, uso mweupe kwa vumbi, akatushika mmoja mmoja vichwa kama anayehesabu mbuzi. Atupele alitolewa kwenye tenga amelala fofofo na buni moja kavu imeganda shavuni. Hapo ndipo Mama alipoanza kutetemeka, na mimi nikaanza kulia kwa sababu Mama anatetemeka.

Nje dunia ilikuwa imelala kifudifudi. Migomba ilivunjika kiunoni, mibuni michanga ya Baba ililala yote upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Nyumba za nyasi zilikuwa zimepoteza vishungi vya juu tu. Nyumba yetu peke yake, paa lote, boriti na bati, vyote vilikuwa vimenyanyuliwa kwa pamoja na kurushwa bondeni. Watoto walikuwa wanatuletea habari kwa kupokezana. Bati moja limejikunja kwenye mkaratusi! Jingine lipo mtoni! Jingine limekata mgomba wa Mzee Haonga! Walikuwa na furaha sana, na mimi nilitamani kuwa upande wao wa furaha.

Tukahamia kwa Bibi, Mama na mtoto wamefunikwa kanga ili isihesabiwe kutoka, sote katika chumba kile kimoja. Usumbufu ulianza saa ileile. Bibi alikuwa hawezi kukaa bila moto ndani, na bila moto chumba kilikuwa baridi kama kisima, lakini moshi ukimfikia Atupele alikuwa anapiga chafya ndogondogo mpaka anakuwa wa bluu midomoni. Mama alimshikilia karibu na mlango apate hewa, kisha upepo wa baridi ukimpata anamrudisha kwenye moshi. Siku nzima ilikuwa kazi hiyo, mlangoni na motoni. Nyumba yetu ilikuwa imebaki kuta tu, na kuta zenyewe zilikuwa za tofali mbichi. Mvua moja ya kweli ingezifanya tope. Baba na vijana wachache walisimamisha boriti mpya za mkaratusi wakaweka fito, lakini bati lilikuwa limechanika vibaya, na nyasi hazikuwepo. Kiangazi kilikwisha kuzichoma porini, na zilizokuwa zinachipua zilikuwa za kulisha sungura.

Ndipo nikawasikia wakubwa wakipanga. Waliongea uani, na mimi nilikuwa naosha sufuria nyuma ya kibanda.

"Huyu mtoto hafikishi mwezi kwenye moshi huu," alisema Bibi.

"Ndugu za mama yake kule Isongole wana nyumba nzuri," alisema Baba. Isongole ndiko alikozaliwa Mama. "Kaka yake aje amchukue yeye na mtoto. Kitovu kikidondoka tu, waondoke. Mimi nitabaki nipande mahindi."

"Na Sekela?"

Sekela ni mimi. Niliacha kusugua.

"Sekela aende kwa dada yangu Mpemba. Atasoma hukohuko."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nitakapopata bati jingine."

Nilijua bati linapatikanaje. Niliona jinsi miaka mingi ya mibuni ilivyosubiriwa kabla ya lile la kwanza, na sasa mibuni yenyewe ilikuwa imelala chini. Shangazi wa Mpemba alikuwa mtu mwema, ila nyumba yake ilikuwa kando ya barabara kuu ya malori, na mimi nilikuwa na hakika kwamba mtu akienda kukaa barabarani hujikuta siku moja yuko Zambia. Hata leo najicheka, maana nimeishia palepale mpakani. Lakini siku ile nilihisi kama ninakatwa. Mama upande huu, mimi upande ule, Baba katikati peke yake na kuta za tope.

Katika maneno yote waliyosema, akili yangu ilishika moja tu: kitovu kikidondoka. Kwa hiyo kisidondoke. Nilianza kukichunga kile kitovu kama mchunga ng'ombe. Kila asubuhi kabla ya salamu nilifunua kanga ya mtoto nikatazama. Kilikuwa cheusi, kikavu, kimefungwa uzi. Nilimuuliza Mama kwa upole, "Mama, tusikifunge uzi mwingine kikaze?" Mama akasema kitovu hakifungwi ili kibaki. Nikamuuliza Bibi kama kuna watu wazima ambao chao hakikudondoka kabisa. Bibi akasema labda wapo, Zambia huko. Akacheka hadi akakohoa. Sikuona cha kuchekesha. Niliomba Mungu, yule aliyefunua nyumba na kuondoka bila kusema, angalau ashikilie hicho kidogo.

Mjomba alifika, kaka yake Mama, mrefu na mpole, ametokea Isongole na gari la mizigo lililokuwa linaleta maharage Vwawa. Dereva angerudi keshokutwa yake, na Mjomba alitaka waondoke naye, maana gari la njia ile halikupatikana kila siku. Alimchukua Atupele mkononi, akamwangalia, akasema, "Huyu ni wa kubeba kifuani njia nzima." Mama akaanza kukunja nguo zake.

Asubuhi iliyofuata nilitoka kwenda mtoni, nikasimama njiani na ndoo kichwani. Mama Tumaini, jirani yetu wa ng'ambo ya njia, mama mnene ambaye sikuwahi kumwona akipanda hata ngazi ya kanisa, alikuwa juu ya jiko lake. Alikuwa anavuta nyasi za paa na kuzitupa chini. Nikageuka. Kwa kina Mzee Haonga vijana walikuwa juu ya jiko wanafanya vilevile. Mbele zaidi vilevile, na mbele zaidi. Kila jiko nililoliona lilikuwa na mtu juu analivua nyasi, vumbi la masizi linafuka kijiji kizima.

Niliacha ndoo palepale nikakimbia. "Bibi! Watu wanahama! Wote wanahama!"

Maana mimi nilielewa hivi: wameuogopa upepo, wanabomoa waende, kama wale wafugaji tuliowaona wakipita na ng'ombe zao kushuka bonde la Momba, waliovunja maboma na kuacha majivu. Tutabaki Baba na kuta na mimi. Halafu na mimi naenda. Bibi alitoka mlangoni akaangalia, mkono juu ya macho. Halafu akasema, "Nenda kachukue ndoo yako. Maji yatahitajika mengi leo."

Walianza kuja kwa mstari. Wanawake walibeba miganda ya nyasi kichwani, nyasi nyeusi kama chungu, na masizi yaliwashukia usoni mpaka hukujua nani ni nani isipokuwa kwa kanga. Wa kwanza kufika alikuwa Mzee Haonga na mganda wake begani. Baba alikuwa juu ya fito anagongagonga bila sababu. Alishuka. Walisimama wawili wakitazamana, na mimi nikadhani sasa yatamwagika yote ya ule mdomo wa Baba.

Mzee Haonga akautupa mganda miguuni kwake.

"Baba Sekela, nimekuletea nyasi," alisema kwa sauti yake nene. "Na panya wake wamo."

Watu walicheka, na Bibi alicheka kuliko wote, ameshika mbavu. Baba alitaka kucheka, uso ukamkatalia. Akainama kuuokota ule mganda, na alipoinuka alikuwa amejipaka masizi machoni kwa kujifuta. "Mzee mwenzangu," alisema, "mtapika wapi? Mvua hii hapa."

"Tutapika tulipokuwa tunapika," alijibu Mama Tumaini huku anashusha mzigo. "Jiko likivuja unasogeza mafiga. Mtoto mchanga utamsogeza wapi? Panda juu huko, unatuchelewesha."

Hawakuvua majiko yao yote. Kila mmoja alivua upande, nusu, robo, kwa kadiri alivyoweza. Nyasi za jikoni hazina mchwa, moshi umezikausha miaka na miaka, ukizisuka upya zinashika. Mzee Haonga ndiye aliyesimamia usukaji, na alifurahi sana kumpigia Baba kelele: "Siyo hivyo! Hujawahi kuona nyumba wewe?" Baba alisema ndiyo mzee, hapana mzee. Mjomba, aliyekuja kuondoa watu, alivua shati akapanda juu na wao. Nilibeba maji mpaka shingo ikaniuma, na nilikuwa na furaha na hofu kwa wakati mmoja, maana kitovu kilikuwa kinaning'inia kwa uzi mwembamba, na upande wa mlimani mawingu yalikuwa meusi kuliko nyasi.

Waliezeka siku nzima, wakarudi alfajiri. Dereva alikuwa ametuma neno kwamba atapita mchana. Upande mmoja wa paa ulikwisha, wa pili ulikuwa nusu, kilele kilikuwa wazi. Ngurumo zilisikika. Niliingia kibandani kwa Bibi kuchukua kata ya maji. Mama alikuwa amesinzia, amechoka. Bibi alikuwa anambadilisha Atupele nepi kwenye mapaja yake, na nikaona anaacha kufanya alichokuwa anafanya.

Kitovu kilikuwa kimedondoka. Kilikuwa pale juu ya kanga, kidogo na kikavu, kama punje ya buni.

Nilifungua mdomo, na Bibi akaniwahi kwa macho. Mwanamke yule, ambaye kwa mila alikuwa hamwachii mtu hata kidole, ambaye aliwahi kumrudisha Baba njiani kwa sababu ametoka nyumbani bila kuaga mafiga, alikiokota kitovu kile, akakifunga kwenye pindo la kanga yake, mafundo mawili, akamfunika mtoto vizuri mpaka kifuani. Halafu akaweka kidole mdomoni kwake.

"Bado," alininong'oneza. "Umeona kitu wewe?"

"Hapana, Bibi."

"Mimi pia macho yangu mabovu siku hizi."

Honi ya gari ilipigwa barabarani. Mjomba akashuka kwenye paa, mikono myeusi, akaja mlangoni. "Mama, kitovu vipi? Gari limefika."

"Bado," alisema Bibi, kavu. "Dereva aende zake. Sisi hatutoi mtoto ovyo."

Mjomba alisimama kidogo. Sijui aliona nini usoni kwa Bibi, au usoni kwangu, maana mimi sijawahi kuwa hodari wa kuficha. Akatabasamu kidogo, akaenda kumwambia dereva, akarudi akapanda paa tena. Nililisikia gari likiondoka, sauti ikififia kuelekea barabara kuu, na ilikuwa sauti tamu kuliko wimbo wowote nilioimba shuleni.

Wakafunga kilele. Mzee Haonga akakikanyaga kuangalia kama kinashika, akashuka, akapiga makofi kutoa masizi. Bibi alikuwa ameshatoka kibandani, Mama nyuma yake amejifunika gubigubi, mtoto ndani, wakakatiza ua kwa haraka na kwa siri kama wezi wa kuku, wakaingia nyumbani kwetu na kufunga mlango. Watu wakatazamana. Hazikupita hata dakika za kuchemsha chai, tukasikia Bibi ndani anapiga kigelegele.

"Kitovu kimedondoka! Kimedondoka sasa hivi!"

Na mlango ukafunguliwa. Mama alitoka na Atupele mchana kweupe, kwa mlango wa nyumba ya baba yake, chini ya paa la nyasi za majiko ya watu, mbele ya watu wenyewe wamekaa uani weusi tititi kama mashetani, wanapiga vigelegele. Mama alijaribu kusema asante, Kiswahili kikamkimbia. Akasema kwa lugha ya kwao, "Ndaga, ndaga, ndaga," akimgeukia kila mmoja. Tone la kwanza la mvua lilianguka wakiwa bado uani.

Walipoondoka, Mama aliniita nilale naye kitandani, mtoto katikati yetu. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya kweli, na haikuwa na kelele, Bibi angesikia mawazo yake yote. Nyasi zilianza kulowa kwa nje na harufu ikatushukia. Mama alinyoosha mkono.

"Pale pana harufu ya karanga," alisema. "Hapo ni kwa Mama Tumaini. Pale penye masizi mazito, karibu na ukuta, ni kwa Mzee Haonga, mke wake anapika kwa magunzi. Pale juu yako ni kwa Bibi."

"Umejuaje, Mama?"

"Nimepika kwenye majiko yote hayo. Nilipoolewa huku sikuwa na langu."

Nililala chali nikanusa, jiko hadi jiko. Upepo ulivuma tena jioni ile, na sikuogopa hata chembe. Nilijiona niko salama, na nilikuwa sahihi.

Masika yote majirani walipika na mashimo kichwani. Baba hakuweza kulivumilia hilo. Alikusanya bati zake zilizochanika bondeni na mtoni, akazinyoosha juu ya jiwe kwa nyundo, pa-pa-pa kutwa nzima, akakata vipande vizima kwa panga, akaenda akiziba jiko moja baada ya jingine. Hivyo paa letu la kung'aa likagawanyika kijiji kizima. Kiangazi kilipofika alikata nyasi mpya kule walikomruhusu, akapita kila jiko aezeke upya na kuondoa vile vipande vyake vibovu. Nyasi walizipokea. Vipande walikataa kumpa. Mama Tumaini alimwambia, "Kiache. Mvua ikikipiga namkumbuka mwanetu."

Mwanetu, ndivyo walivyomwita. Atupele alipoolewa, mama wale walikaa safu ya mbele bila kuulizwa na mtu.

Haya yote nilimsimulia Atupele juzi, nimekaa kwenye kinu, nyasi za Bibi mkononi. Mengine alikuwa anayajua. Habari ya fundo la kanga sikuwahi kumwambia mtu, wala Mama. Nilimwambia kwamba kitovu chake kilidondoka kabla ya kilele kufungwa, kwamba Bibi alidanganya mila yake mwenyewe mbele ya ngurumo, na kwamba kama angesema kweli kwa muda ule mfupi, yeye angekulia Isongole na mimi Mpemba, na leo tungekuwa tunasalimiana misibani. Atupele alisikiliza, mikono kiunoni. Alijigusa tumboni juu ya gauni bila kujua anajigusa.

Vijana walikuwa wamefika mwisho wa paa. Mmoja akauliza hiki kipande cha bati kilichooza akitupe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kilikuwa chekundu kwa kutu, na alama za nyundo ya Baba bado zinaonekana.

"Lete hapa," alisema Atupele.

Atupele ana nyumba nzuri, bati la rangi ya bluu, boriti zimefungwa kwa vyuma. Alikibeba kile kipande kichwani kwenda kwake, na siku ileile alimpandisha fundi jikoni akakipigilia juu ya mafiga, katikati ya bluu yote ile. Fundi alimwambia kitavuja. Akamwambia kikivuja atasogeza mafiga.

Nililala kwake. Mvua ilipoanza tulikuwa jikoni bado, tunamenya viazi. Bati la bluu lilipiga kelele zake zote pamoja, na katikati kipande kile kilikuwa kinalia sauti yake ya pekee, nzito, ya chini. Tone moja likapita, likamwangukia Atupele paji la uso. Hakujifuta.

"Ndaga, Bibi," alisema, akaendelea kumenya.